Mabawa Yanayoelekea Mbele

Karibu kila jeti uionayo angani mabawa yake yamelazwa kuelekea mkiani. Ndege inapokaribia kasi ya sauti, ukinzani wa hewa hupanda ghafla, na bawa lililolazwa huchelewesha hali hiyo. Hewa, hata hivyo, haijali bawa limelazwa nyuma au mbele. Mhandisi Mjerumani Hans Wocke alilijua hilo. Alilaza mabawa mbele katika ndege ya kivita Junkers Ju 287 mwaka 1944, kisha akafanya vivyo hivyo katika jeti ndogo ya abiria, HFB 320 Hansa Jet, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1964.

Faida yake kubwa, kwa macho yangu, iko ndani ya ndege. Boriti kuu inayoshika mabawa ni lazima ikatize mahali fulani katika bodi, na bodi ya jeti ndogo ni nyembamba. Kwenye Hansa Jet boriti hiyo ilipita nyuma ya chumba cha abiria, nacho kikabaki wazi bila kizuizi.

Angani pia kuna faida. Katika bawa la kawaida la jeti hewa huteleza kuelekea nchani, hivyo ndege ikipunguza mwendo mno, ncha ndizo hutangulia kupoteza nguvu ya kunyanyua, na huko ndiko viliko vibao vya kuegemeza ndege kushoto na kulia. Bawa la kuelekea mbele huivuta hewa kuelekea bodi, kwa hiyo shina la bawa hutangulia kupoteza nguvu hiyo huku rubani angali na usukani. Lakini hiyo si kinga ya kila hatari: Hansa Jet ya kwanza ilianguka Hispania mwaka 1965, ikifanyiwa majaribio ya mwendo mdogo.

Tatizo lenyewe ni ugumu wa bawa. Hewa inapolinyanyua, bawa hupinda juu, na kwa kuwa limeelekea mbele, ncha hujisokota na kuinua ukingo wake wa mbele. Hapo hukamata hewa zaidi, hupinda zaidi, hujisokota zaidi, kama mwavuli uliokamatwa na dhoruba, mpaka livunjike. Bawa la metali huepuka hilo kwa kuongezwa ugumu, yaani uzito. Hansa Jet ililaza mabawa yake digrii 15 tu.

Mwaka 1984 Marekani ilirusha Grumman X-29, mabawa yakiwa yamelazwa mbele zaidi ya digrii 30. Ngozi ya mabawa hayo ilikuwa ya nyuzi za kaboni, zimepangwa kwa mshazari ili bawa likipinda, ncha isijisokote na kuinua ukingo wake wa mbele. Mpango huo wa nyuzi ulifanya kazi. Lakini ndege yenyewe haikutulia bila kompyuta zilizorekebisha mwendo wake hadi mara 40 kwa sekunde.

Zilijengwa X-29 mbili tu, na Hansa Jet zisizofika 50. Hata hivyo, kwa jeti ndogo isiyohitaji kulaza mabawa sana, naona wazo la Wocke bado linastahili kujaribiwa upya kwa nyuzi za kaboni.