Ndege ya boksi la samaki

Bawa letu la kwanza liliyeyuka. Tulilikata kutoka kwenye boksi jeupe la fomu, yale ya kusafirishia samaki, tukalisugua kwa msasa mpaka likawa laini kama ganda la yai. Kisha mpwa wangu akamimina supagluu kwenye maungio. Fomu ilitoa povu na harufu kali, na katikati ya bawa pakabaki tundu la kupitisha ngumi. Kijana alinitazama, akasema, "Mjomba, imekula kwetu."

Tulikuwa barazani Mbagala, siku ya Jumamosi, na tangu siku hiyo kila anayeniuliza aanzie wapi kutengeneza ndege ya rimoti namwanzishia kwenye gundi. Supagluu ya kawaida na gundi ya viatu huitafuna fomu nyeupe. Gundi nyeupe ya mbao inaifaa, ila inataka subira ya usiku mzima. Gundi ya moto, ile ya bunduki, hushika haraka, lakini iache ipoe kidogo kabla hujaigusisha, maana nayo ikizidi joto huchimba. Ukiweza kupata ubao wa fomu uliovikwa karatasi pande zote mbili, ule wanaotumia watengeneza mabango, utakuwa umejipunguzia kazi. Unachorwa kwa penseli, unakunjika vizuri, na karatasi yake inashikilia gundi.

Watoto wa jiji hili la Dar es Salaam hawaanzi na sifuri. Aliyekulia Temeke au Mwananyamala amewahi kutengeneza tiara kwa chelewa na mfuko wa nailoni, enzi zile kabla mifuko haijapigwa marufuku mwaka 2019. Anajua kwamba tiara isiyo na mkia huzunguka kama iliyopagawa, na kwamba chelewa moja ikiwa nzito kuliko mwenzake, tiara huvutia upande. Hayo ni masomo mawili ya urukaji aliyoyapata bila kufungua daftari. Kilichobaki ni kuyahamishia kwenye bawa.

Ndiyo maana sishauri mtu akimbilie rimoti. Anza na ndege isiyo na mota, ya kurusha kwa mkono. Mwaka 1871 Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha kitu kidogo vilevile: kijindege chenye rafadha inayozungushwa na mpira uliosokotwa. Mbele ya watu, katika bustani ya Tuileries jijini Paris, kilikaa hewani sekunde 11 na kwenda kama mita 40. Miaka saba baadaye, mwaka 1878, baba mmoja Marekani aliwaletea wanawe wadogo kichezeo cha kuruka kilichofuata mtindo wa Pénaud. Watoto hao walikuwa Wilbur na Orville Wright. Mpira uliosokotwa haujatuishia. Tyubu ya baiskeli tunayokatia manati inatosha kujaribia.

Siri ya kijindege cha mkono ni mahali uzito unapokaa. Kiinue kwa ncha za vidole viwili chini ya bawa, kimoja kila upande. Vidole vikae kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa kuanzia ukingo wa mbele, na ndege itulie hapo, pua ikiinama kidogo tu. Mkia ukishuka, bandika sarafu puani. Sisi tulibandika ya shilingi mia mbili, tukaongeza ya hamsini. Kabla ya sarafu, ndege ilikuwa ikiinua pua, inasimama hewani kama inayofikiri, kisha inadondoka kwa mkia. Baada ya sarafu ilitoka mkononi ikateleza mpaka ukutani kwa jirani. Nimeshuhudia mambo mengi katika kazi hii ya kuandika, lakini mtelezo ule wa mita kumi na tano ulinitoa machozi, na sioni haya kuusema.

Mabawa usiyagundishe kwenye kiwiliwili. Choma njiti mbili za mishikaki zikatize kiwiliwili, moja mbele ya bawa na nyingine nyuma, kisha lifunge bawa kwa rababendi. Ndege ikipiga chini, rababendi zinaachia na bawa linaruka pembeni likiwa zima. Lililogundishwa huvunjika. Ndege ya kwanza itaanguka, hilo lisikusumbue akili, kwa hiyo itengeneze kwa namna itakayokuruhusu kuirudisha hewani jioni ileile. Bawa likae juu ya kiwiliwili, ncha zake zikiinuka kidogo kama za mwewe anayeelea, ili ndege ikiinama ijirudishe yenyewe.

Umeme unakuja baada ya hapo. Ndege yenye mabawa ya mita moja hivi inahitaji mota ndogo isiyo na brashi, kidhibiti mwendo cha kuipimia umeme, sevo za gramu 9 za kusogeza vipande vya mkia na mabawa, risiva ya kupokea amri, rimoti na betri. Rimoti za leo hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4 na kila moja inaitambua risiva yake. Zamani haikuwa hivyo. Watu wawili uwanja mmoja wakiwasha masafa yaleyale, ndege ya mmoja ilisikiliza mkono wa mwingine ikaenda kujipigiza. Vifaa hivi wengi huagiza China kupitia mawakala wa mizigo, na kinachosumbua ni betri, kwa kuwa lithiamu husafirishwa kwa masharti makali kwenye ndege. Uliza kwanza kabla ya kulipa. Kazi ya kuchomelea nyaya mpelekee fundi simu wa mtaani. Ana mkono mtulivu kuliko wako na wangu.

Betri hizo ziheshimu. Seli moja ikijaa ina volti 4.2, na ikishuka chini ya volti 3 inaanza kuharibika. Usichaji ukiwa umelala wala ukiwa umetoka. Sisi tunachajia ndani ya chungu kilichotandikwa mchanga, mbali na pazia na godoro, na ikivimba haichajiwi tena.

Jifunze kurusha kwanza kwenye kompyuta, kwa programu za kuigiza urukaji. Kinachowaangusha wengi ni ndege kugeuka na kuwaelekea: kushoto kwake kunakuwa kulia kwako, na mkono unasahau. Dawa yake ni moja. Ndege ikiwa inakujia na bawa moja limelala, sogeza kijiti upande uleule wa bawa lililolala, kama unaliwekea nguzo lisianguke. Mpwa wangu alirudia zoezi hilo wiki tatu mpaka mama yake akalalamikia umeme.

Upepo nao una saa zake. Mchana, hasa msimu wa kusi, upepo wa pwani unabeba ndege ya gramu mia saba kama jani. Asubuhi mapema, upepo wa umande unapovuma taratibu kutoka bara, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili, hewa inatulia. Rusha ukielekea upepo, shuka ukielekea upepo.

Sasa uwanja. Hapa nitasema bila kuzunguka, kwa sababu jambo hili linaniumiza. Chombo kinachorushwa kwa rimoti, bila rubani ndani yake, kinaangukia chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, na kibali hutafutwa kabla ya kuruka. Uwanja wa ndege wa Julius Nyerere uko Kipawa, umepakana na Temeke, na ndege kubwa hupita chini sana juu ya Kiwalani na Vingunguti. Sitaki kusikia mtoto wa mtu karusha fomu kwenye njia hiyo. Lakini pia nasikitika kuona viwanja vya wazi vikiisha, na kijana wa Yombo asiye na chama wala mwalimu akiambiwa tu asirushe. Kungekuwa na eneo moja lililotengwa, kule Mabwepande au Chamazi ya ndani, lenye saa zinazojulikana na msimamizi mwenye kibali, vijana wangetii sheria na wangejifunza.

Kurusha ndege hizi si mchezo mtupu. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulipoanza kuchora ramani za mitaa ya Dar es Salaam inayokumbwa na mafuriko, Tandale ikiwamo, picha za anga zilipigwa na eBee. Ni ndege ya fomu, mabawa yake hayafiki mita moja, uzito wake kama gramu mia saba, na inarushwa kwa mkono. Mwaka uliofuata ndege za aina hiyo zilianza kupiga picha Unguja na Pemba. Mwaka 2018 chombo chenye mabawa kilivuka Ziwa Victoria kutoka Mwanza kwenda Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40, kikijaribiwa kubeba dawa. Na Mabibo, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinafundisha mafundi wa ndege.

Ndege yetu yenye mota iko juu ya kabati, betri imewekwa kwenye chungu, na barua ya kuomba kibali tumeshaiandika. Ile ya mkono inaruka kila jioni uani. Juzi iligonga mwembe, pua ikapasuka. Nilipotoka kazini niliikuta imefungwa gango la njiti mbili za mishikaki, na kijana ameiinua kwenye vidole viwili, anatafuta upya mahali pa kubandika sarafu.