USALAMA NA AFYA: Usifiche Uvimbe wa Mapumbu

Ndugu mfanyakazi, hapa Kindu kama katika migodi yote ya Maniema, jiwe likikuangukia mguuni unakimbia kwa mganga. Lakini mfuko wa mapumbu ukivimba, unanunua suruali pana na kunyamaza. Kwa nini? Huo ni ugonjwa kama mwingine. Si uchawi, wala si adhabu ya uzinzi.

Busha ni maji yanayojaa katika mfuko huo. Katika nchi za joto, sababu yake moja kubwa ni filariozi: minyoo myembamba kama uzi inayoharibu mishipa ya limfu. Mbu ndiye anayeileta. Mwaka 1877, mganga Patrick Manson aliona huko China watoto wa minyoo hiyo wakikua ndani ya mbu. Basi mashimo ya kasiterite yaliyoachwa na maji ndani yake ni hatari kwako pia. Yafukie. Lala ndani ya chandarua. Dawa za filariozi zikigawiwa mtaani, zimeze.

Jua dalili hizi:

1. Uvimbe laini unaokua polepole, bila maumivu: huenda ni busha.

2. Uvimbe unaoshuka ukibeba mzigo au ukikohoa, na kurudi ukilala: huenda ni ngiri. Usipotaka kurudi, ukauma na ukatapika, nenda hospitali saa ile ile.

3. Pumbu moja kuuma sana kwa ghafula, hasa kwa kijana: huenda limejipinda, damu haipiti. Saa 6 zikipita linaweza kufa. Usingoje mwisho wa zamu!

4. Kitu kigumu juu ya pumbu, hata kisichouma: kinaweza kuwa kansa. Kansa hii hupata zaidi vijana, na ikionekana mapema wengi hupona.

Vidonge haviondoi busha lililokwisha kujaa. Linaondolewa kwa kupasuliwa hospitalini. Usikubali mtu akutoboe kwa sindano au wembe nyumbani: maji hurudi, na usaha huingia.

Nawe mama, usimcheke bwana wako. Umwambie aende, na kijana wako umfundishe kusema mapema.

Kila mwezi, ukioga, jipapase mwenyewe. Ukikuta jambo jipya, umwonyeshe mganga. Ameona mengi, hatakucheka.