Sura ya Saba: Kano Iliyochoka na Mawimbi ya Mshtuko

Maumivu ya kisigino, bega na kiwiko huwaandama watu wa kazi, na Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, unaishi kwa kazi za namna hiyo. Mchimbaji mdogo wa dhahabu kandokando ya Mpanda hushinda akigonga mwamba. Mkulima wa mpunga wa Mpimbwe huinama tangu kupandikiza hadi kuvuna. Muuza mboga husimama sokoni kutwa nzima na kandambili zilizokwisha soli. Hakuna aliyeanguka wala kuvunjika. Wameumia kano kidogo kidogo, mahali palepale, kila siku.

Kano ikichanika kidogo, mwili hupeleka damu na kuanza ukarabati. Lakini kano ina mishipa michache ya damu, na mwenye nayo hana likizo. Ukarabati ukikatizwa mara kwa mara, nyuzi hujipanga ovyo, kano hunenepa na kupoteza nguvu. Hapo uvimbe wa mwanzo umeshapungua, ila maumivu yamebaki. Ndiyo maana dawa ya maumivu kama diklofenaki humpa mtu nafuu ya usiku mmoja, kesho yake akakanyaga chini na kisigino kikamchoma vilevile.

Tiba ya mawimbi ya mshtuko imekusudiwa kuuamsha ukarabati huo uliokwama. Chimbuko lake si la hospitali. Wahandisi wa kampuni ya ndege ya Dornier, Ujerumani, walikuwa wakichunguza namna matone ya mvua yanavyoidhuru ndege iendayo kasi kuliko sauti. Utafiti huo ulizaa mashine ambayo Februari 1980, jijini Munich, Christian Chaussy na wenzake waliitumia kupasua mawe ya figo bila kisu. Baadaye madaktari waliyajaribu mawimbi hayo kwenye mifupa iliyokataa kuunga, kisha kwenye kano. Mwaka 2000 Marekani iliidhinisha mashine ya kwanza ya kutibu maumivu sugu ya kisigino.

Mashine ziko za aina mbili. Moja hukusanya mawimbi na kuyalenga kwenye nukta moja ndani ya mwili. Nyingine, ya bei nafuu zaidi, mchimbaji wa Mpanda ataielewa upesi, kwani hufanya kazi kama nyundo na tindo. Ndani ya mpini kuna kipande kidogo cha chuma. Hewa iliyobanwa hukirusha kikagonga kichwa kilichowekwa juu ya ngozi, na pigo lile likasafiri ndani sentimita chache. Hakuna umeme unaopita mwilini.

Mtaalamu wa fiziotherapia huminya kisigino kwa kidole gumba mpaka apate panapouma, hupaka jeli, kisha huwasha mashine. Mlio ni tak-tak-tak, karibu mapigo 10 kwa sekunde. Mapigo 2,000 huisha kwa dakika chache. Yanauma, ila kwa kiasi cha kuvumilika. Kwa kawaida tiba hurudiwa mara 3 hadi 5, wiki kwa wiki. Nafuu haiji siku hiyohiyo; huenda ikachukua hadi miezi 3, kwa sababu kinachofanya kazi ni seli zilizochokozwa zikaanza kujenga upya.

Ushahidi hauko sawa kila mahali. Ni mzuri zaidi kwa kisigino na kwa bega lenye chokaa ndani ya kano. Kwa kiwiko unagongana. Kwa maumivu ya kawaida ya kiuno ni dhaifu. Tiba hii haifai juu ya tumbo la mjamzito, penye saratani au usaha, juu ya mapafu, kwa mtoto ambaye mifupa yake bado inakua, wala kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asipopata ruhusa ya daktari.

Mashine hizi hukaa zaidi kwenye kliniki za miji mikubwa. Kwa mtu wa Mpanda, kwenda mara tano ni nauli za kupitia Sumbawanga au Tabora, au mwezi mzima wa kulala ugenini. Kabla ya kuuza mbuzi, ajue kwamba kano huchokozwa pia na uzito wa mwili wenyewe.

Mwaka 2015 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya wagonjwa 48 wa kisigino. Kundi moja lilinyoosha mguu. Jingine lilisimama kwenye ngazi, taulo limeviringishwa chini ya vidole, likainua kisigino polepole kwa sekunde 3, likatulia 2, likashusha kwa 3, kila baada ya siku moja, likiongeza mzigo kadiri nguvu zilivyokua. Baada ya miezi 3 kundi la pili lilikuwa na nafuu kubwa zaidi, ingawa baada ya mwaka makundi yote mawili yalilingana.

Zoezi hilo lataka tofali imara, kanga iliyokunjwa na subira. Anza nalo, badili kandambili, punguza kusimama pale inapowezekana. Miezi ikipita bila nafuu, ndipo safari ya mashine ina maana, na hata huko zoezi liendelee. Ila ganzi mguuni, homa, uvimbe mwekundu au maumivu yanayokuamsha usiku si ya kungojea: nenda hospitali upimwe kwanza.