Peni moja kwa kila tani

Leo tuende kidogo mbali.

Kule Uingereza, upande wa mashariki, kuko muji mumoja kando ya bahari, jina lake Skegness. Treni ilifika pale mu 1873. Mu 1881 wakafungua daraja refu lenye kuingia mu bahari, juu watu watembee na kupunga hewa. Makaa ya mawe hayatoki pale. Lakini watu wa makaa wa Derbyshire, wenye kukaa mbali na bahari, wanaujua sana ule muji.

Namna gani? Mu 1920 sheria ilisema hivi: mwenye shimo alipe peni moja kwa kila tani anayotoa. Wakati ule peni 240 zilifanya pauni moja. Ni kidogo sana, lakini tani zilikuwa mingi. Ile feza iliingia mu kasha la kutunza watumishi, na wajumbe wa sendika walikaa mu komite pamoja na mabwana, wakaangalia matumizi. Ndiyo ilijenga viwanja vya mupira na nyumba za mikutano. Mu 1928, pale Skegness, ikafunguliwa nyumba ya kupumuzisha watu wa shimo wa Derbyshire wenye kutoka mu ugonjwa ao mu aksida. Mutu mwenye kifua kilichojaa vumbi alivuta hewa ya bahari.

Mbele, kwa watumishi wengi, konje ilikuwa njaa: hakuna kazi, hakuna mushahara. Mu 1938 ikatoka sheria juu ya konje yenye kulipwa. Mwaka uliofuata, watu wa Derbyshire wakapata kambi yao Skegness, baba, bibi na bana pamoja.

Leo yale mashimo yamekwisha. Shimo refu la mwisho la Uingereza, Kellingley, lilifungwa mu 2015. Tani zikiisha, peni nayo inaisha. Kinachobaki ni kile mulichojenga wakati shimo lingali linatoa.

Sisi pia tuko na sheria. Kode ya mine ya 2018 inasema sosiete itoe 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa jirani. Basi ndugu, uliza mu kartie yako: ile feza nani anaihesabu? Na mutu wetu iko mu komite, ao kiti kiko tupu?