Omega-3 ya Mtoto: Chupa ya Dukani na Omena ya Sokoni

Asidi za mafuta za omega-3 huuzwa kwa ajili ya watoto zikiwa dawa ya maji, matone au vidonge laini. Inayolengwa hasa ni DHA, ambayo hujikusanya kwenye ubongo na retina ya jicho tangu miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito hadi mtoto afikishe miaka 2 hivi. Mwili hauwezi kujitengenezea omega-3 pasipo kuipata kwanza katika chakula. Soya, kanola na mbegu za chia zina aina yake iitwayo ALA, lakini sehemu ndogo tu ya ALA hugeuzwa mwilini kuwa DHA. Samaki wanayo DHA iliyo tayari, maana chanzo chake ni mwani, ulio mwanzo wa chakula chote cha majini.

Mtoto wa chini ya miezi 6 huipata DHA kwenye maziwa ya mama, na kiasi chake hufuata mlo wa mama mwenyewe. Wastani wa dunia ni karibu asilimia 0.3 ya mafuta yote ya maziwa hayo. Nchini Tanzania, watafiti wa Chuo Kikuu cha Groningen cha Uholanzi walilinganisha kina mama Wamasai, ambao samaki si chakula chao, Wapare wa Same wanaowala kwa kiasi, na wanawake wa Sengerema kando ya Ziwa Victoria wanaowala mara nyingi kwa wiki. Kadiri samaki walivyoliwa zaidi, ndivyo DHA ilivyoongezeka katika maziwa.

Tofauti hiyo inazihusu sana nyumba za Nyeri, Karatina na Nanyuki nchini Kenya. Mila ya Wakikuyu haikuwa na samaki. John Boyd Orr na John Gilks, waliochapisha mwaka 1931 utafiti wao juu ya afya na chakula cha Wakikuyu na Wamasai, waliwakuta Wakikuyu wakitegemea nafaka, viazi vya aina mbalimbali na kunde. Trauti waliotiwa katika mito ya Aberdare na Mlima Kenya enzi za ukoloni waliletwa kwa ajili ya wazungu waliopenda kuvua kwa kujiburudisha. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2009, serikali ilipoanza kugharimia mabwawa ya tilapia na kambare katika maeneo bunge mengi, yakiwemo ya Mlima Kenya. Kwa familia ya mtaa kama Majengo yenye kipato kidogo, samaki wa kutegemewa zaidi ni omena, wanaopimwa kwa kikombe sokoni. Inasikitisha kwamba wengi wao huishia kwenye chakula cha kuku, na mama anayenyonyesha akabaki na chai na viazi.

Je, mtoto mwenye afya anayenyonya apewe chupa ya omega-3 juu ya maziwa ya mama? Ushahidi uliopo haumlazimishi mzazi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017 yalikusanya majaribio 15 ya watoto 1,889 waliozaliwa kwa wakati na kulishwa maziwa ya kopo. Hata kwa hao wasionyonya, majaribio mengi hayakuonyesha kwamba kuongezewa asidi hizi kuliwanufaisha kwa akili wala kwa macho. Faida iliyo wazi zaidi huonekana mapema: mapitio mengine ya mwaka 2018 yalionyesha kuwa omega-3 kwa mjamzito hupunguza uzazi wa kabla ya wiki 37 kwa asilimia 11, na wa kabla ya wiki 34 kwa asilimia 42. Watoto waliozaliwa kabla ya wiki 29 wana hesabu yao, na wakipewa, ni hospitalini kwa kipimo cha daktari, si kwa ushauri wa jirani.

Baada ya miezi 6 chakula huanza kubeba mzigo. Wataalamu wa FAO na WHO walipendekeza mwaka 2008 miligramu 10 hadi 12 za DHA kwa kila kilo ya uzito wa mtoto kwa siku, hadi umri wa miezi 24. Mtoto wa kilo 10 basi anahitaji 100 hadi 120. Omena hutolewa vichwa, huoshwa kwa maji ya moto mara kadhaa hadi mchanga uishe, hukaushwa vizuri kwenye sufuria, husagwa na kupepetwa, kisha unga huo huchanganywa kidogo kidogo na uji au viazi vya kuponda. Kiini cha yai kinaongeza kiasi. Parachichi, linalopatikana kwa wingi Murang'a na Nyeri, humpa mtoto mafuta mazuri na nguvu, lakini omega-3 yake ni haba.

Mzazi anayeamua kununua chupa asome maandishi ya nyuma, maana ya mbele ni ya kuvutia wateja. "Mafuta ya samaki miligramu 1,000" si DHA 1,000: kidonge cha kawaida cha kiasi hicho huwa na DHA 120 na EPA (omega-3 nyingine) 180 tu. Mafuta ya ini la samaki ni kitu kingine kabisa. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta hayo ambayo hayajapunguzwa vitamini huweza kuwa na mikrogramu 1,350 za vitamini A, ilhali kikomo cha siku kilichowekwa Marekani kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3 ni 600. Mtoto huyo huyo huenda amekwisha kupewa vitamini A kliniki, katika wiki za afya za Malezi Bora za Mei na Novemba, kwa hiyo muuguzi aonyeshwe chupa pamoja na kijitabu cha mama na mtoto.

Maziwa ya kopo yanayotengenezwa kwa soko la Ulaya yanalazimika kuwa na DHA tangu 2020, hivyo anayeyatumia hana haja ya kuongeza matone. Kidonge kizima asipewe mtoto mdogo, maana kinaweza kumkaba. Mafuta ya samaki huharibika yakikutana na hewa, joto na mwanga: chupa ikifunguliwa ifungwe vizuri, iwekwe mahali penye baridi, na yakitoa harufu kali ya uvundo yamwagwe.