Herufi Tisa Kati ya Nyamisati na Kilindoni

Kivuko cha MV Kilindoni kinapong'oa nanga Nyamisati, wilayani Kibiti, kwenda kisiwa cha Mafia, kinatoka kwenye jina la herufi tisa na kufikia kwenye jina la herufi tisa. Nyamisati ni tisa. Kilindoni, bandari ya Mafia, ni tisa pia. Kila jina lina irabu nne na silabi nne: nya-mi-sa-ti, ki-li-ndo-ni. Kiingereza nacho kina neno la herufi tisa liitwalo strengths. Irabu yake ni moja tu, e, iliyobanwa na konsonanti tatu mbele na tano nyuma, na neno zima hutamkwa kwa silabi moja.

Tofauti hiyo ndiyo inayomtoa jasho Mswahili anayecheza michezo ya maneno ya Kiingereza kwenye simu. Maarufu kuliko yote ni Wordle, uliotungwa na Josh Wardle na kununuliwa na gazeti la New York Times Januari 2022. Mchezaji hutafuta neno la herufi tano kwa kubahatisha mara sita. Kwa hesabu kavu, herufi 26 zikipangwa katika nafasi tano hutoa mipangilio 11,881,376. Inayokubalika kuwa neno la Kiingereza ni karibu 13,000 tu, yaani mmoja katika kila mia tisa na ushei. Mengine yote ni takataka za aina ya qxzrt.

Kiswahili kinachuja kwa namna yake. Herufi q na x hazimo, na c haisimami bila h. Zikibaki herufi 24, nafasi tano zinatoa mipangilio 7,962,624. Lakini neno la Kiswahili huishia kwa irabu, ukiondoa maneno machache ya kukopa, na irabu ni tano. Sharti hilo moja linashusha hesabu hadi 1,658,880, kabla hata hujauliza kama neno lina maana. Ndiyo maana mchezaji aliyelelewa na Kiswahili hukwama zaidi mwishoni mwa neno la Kiingereza: mahali ambapo lugha yake humpa jibu karibu bure, Kiingereza humwekea t, d, k, y au chochote kile.

Mtu aliyeanza kuipima hali hii kisayansi ni Mrusi Andrei Markov. Mwaka 1913 alichukua herufi 20,000 za utenzi wa Pushkin, Eugene Onegin, akazihesabu kwa mkono. Irabu zilikuwa 8,638, sawa na asilimia 43. Kisha akatazama herufi zinavyofuatana: baada ya irabu, irabu nyingine ilifuata mara 13 hivi katika kila 100, baada ya konsonanti, irabu ilifuata mara 66. Herufi moja, basi, inatabiri inayofuata. Kutokana na kazi hiyo yalipata nguvu mahesabu ya minyororo yanayobeba jina lake hadi leo.

Tumia kipimo chake kwa majina ya huku: Nyamisati, Kilindoni, Kibiti, Rufiji, Salale na Mafia. Jumla ni herufi 41, na irabu ni 20, karibu nusu. Irabu mbili zimekutana mara moja tu, katika Mafia. Majina sita si sampuli ya kumtikisa mtakwimu, lakini mwelekeo unaonekana kwa macho. Salale, kwenye delta ya mto Rufiji, ndiko ilikotia nanga manowari ya Kijerumani Königsberg mwaka 1914, jina lenye konsonanti tatu mfululizo katikati, gsb. Ujirani wa herufi namna hiyo haujawahi kuonekana mtoni Rufiji.

Hata hivyo lugha hubadilishana mizigo. Delta, neno la herufi tano, ni jina la herufi ya Kigiriki yenye umbo la pembetatu. Wagiriki waliliita hivyo bonde la mdomo wa Nile, na Kiswahili kimelipokea pamoja na lt yake. Kwa upande wa pili, Juni 2022 kamusi ya Oxford ya Kiingereza iliingiza maneno ya Afrika Mashariki, likiwemo jembe. Lina herufi tano barabara. Uhuru lilikwishatangulia, na maneno ya Kiingereza ya herufi tano yenye u tatu ni ya kutafuta kwa tochi.

Shida zaidi iko kwenye Scrabble. Alfred Butts, Mmarekani aliyeubuni katika miaka ya 1930, alihesabu herufi kwenye kurasa za magazeti ya Kiingereza ili ajue kila moja itengewe vipande vingapi. E ilipata 12. K ilipata kimoja. Kwa seti hiyo huwezi kuandika kuku, kaka, wala mkoko bila kutumia kipande kitupu, na lugha yenyewe ndiyo ile inayoanza vitenzi kwa ku na vitu kwa ki! Haikuwa hila ya Butts; alihesabu lugha yake.

Mswahili wa zamani hakuhangaika na herufi kabisa. Mchezo wake uliitwa kinyume, na Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Zanzibar, aliueleza katika kitabu chake cha sarufi karne ya 19. Silabi ya mwisho hupelekwa mbele. Nyamisati inakuwa tinyamisa, Kibiti inakuwa tikibi, mkoko unakuwa komko. Ukifika kwa mchu, mmoja wa miti ya mikoko inayojaa kwenye delta ya Rufiji, mambo yanageuka. Mchu una irabu moja lakini silabi mbili, kwa sababu m yake ni silabi kamili na ndiyo inayobeba mkazo, jambo ambalo hesabu ya Markov ya irabu na konsonanti isingelinasa. Kwa kinyume unakuwa chum: neno linaloishia kwa m, mwisho ambao Kiswahili cha kawaida hakiukubali, lakini mtoto anayecheza huutamka bila kusita.