Je, Wajua? Nusukaputi Humlaza Mtu, Mshipa Ukabaki Macho

Kijana wa bodaboda akibanwa kati ya malori kwenye foleni ya Tunduma, pale mpakani na Zambia, mkono ukasagika, huenda akapasuliwa akiwa amelala fofofo. Dawa ya kuvuta kama halotheni au isoflureni imemzima yeye. Mishipa yake ya fahamu haikuzimwa: kisu kikipita, bado inapeleka habari hadi uti wa mgongo. Ndiyo sababu madaktari huweza kumwongezea sindano ya ganzi kando ya mshipa wenyewe.

La ajabu zaidi, utafiti uliofanywa kwa panya na kuchapishwa mwaka 2000 ulionesha kuwa dawa hizo zikivutwa kidogo mno, kama sehemu 1 ya 10 ya kipimo cha upasuaji, huzidisha maumivu badala ya kuyapunguza!

Baada ya upasuaji, mshipa wa fahamu uliokatika huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku. Ukikatika kiwikoni, vidole husubiri zaidi ya mwaka. Katikati ya safari hiyo huweza kuja maumivu ya kuwaka moto, ya kuchomwa sindano. Wengine huumwa hata na mguu uliokwisha kukatwa (na wala hawajarogwa). Hapo panadoli mara nyingi haifui dafu. Hutumika amitriptilini, dawa iliyoanza kwa kutibu sonona.

Ukiandikiwa vidonge hivyo, iwe mjini Vwawa au Tunduma, usidhani daktari amekuona una wazimu. Anatibu mshipa.